Vikatio vya chuma vya kutengenezea kadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Maswali haya yametoka kwa watu wanaotengeneza kadi za harusi, kipaimara na maulidi, na wengine vifungashio vidogo vya zawadi, hapa Kigoma Mjini, Ujiji na hadi Kasulu. Yanajirudia, kwa hiyo tumeyaweka mahali pamoja. Jambo moja utaliona likijitokeza tena na tena: kikatio kikisumbua, mara nyingi tatizo liko kwenye mpangilio wa mabamba au kwenye unyevu, si kwenye kikatio chenyewe. Kagua huko kwanza kabla hujatoa hela kununua kingine.

## Mwanzo kabisa

Kikatio cha chuma ni nini hasa?

Ni kipande chembamba cha chuma, kwa kawaida unene wake hauzidi milimita moja, chenye ukingo ulioinuka upande mmoja. Ukingo huo ndio makali. Ukiweka karatasi juu ya makali, ukabana vyote viwili kati ya mabamba ya plastiki na kuvipitisha kwenye rola za mashine, makali yanazama kwenye karatasi na umbo linatoka: ua, fremu, mwezi na nyota, herufi, jani la mchikichi.

Kichukue mkononi ukiangalie karibu na dirisha. Upande wa nyuma ni bapa. Upande wa mbele, pitisha ukucha taratibu: utasikia ukingo mwembamba unaozunguka umbo lote. Ndani yake huenda kuna vinundu vidogo visivyofikia urefu wa makali. Hivyo havikati, vinabonyeza tu alama zinazofanana na mshono wa uzi. Na kuna vitundu vinavyotokea mpaka nyuma. Hivyo ni vya kusukumia karatasi kwa sindano ikikwama ndani, kwa hiyo usiviache vizibe.

Vikatio vingi vya aina hii huchongwa kwa tindikali. Sehemu itakayokuwa makali hufunikwa, tindikali ikala chuma kilicho wazi pembeni, na kilichofunikwa kikabaki kimesimama. Likumbuke hili, litakusaidia kwenye sehemu ya kutu.

Kuna vyembamba na vinene. Ninunue vipi?

Vinene vina wembe wa chuma uliokunjwa kufuata umbo na kusimikwa kwenye kibao, pamoja na sponji pembeni inayosukuma karatasi itoke. Vile vya kampuni ya Sizzix vinavyoitwa Bigz, kwa mfano, vina unene wa kama sentimita 1.6. Vinakata kitambaa, ngozi laini na sponji bila shida, lakini ni ghali, vizito, na haviwezi nakshi ndogondogo.

Kama kazi yako ni kadi, nunua vyembamba. Kama unataka kukata kitenge kila siku, kimoja kinene cha umbo la kawaida kitakulipa zaidi.

Lazima niwe na mashine? Nyundo haitoshi?

Nyundo haitoshi. Kikatio kinahitaji kubanwa sawasawa, mstari baada ya mstari, na hiyo ndiyo kazi ya rola mbili. Nyundo inapiga nukta moja kwa nguvu na kuacha jirani yake, hivyo karatasi inakatika vipande na kikatio kinapinda. Tumeulizwa pia kuhusu mashine ya kukamulia miwa. Ina rola, ni kweli, lakini rola zake nyingi zina mifereji na nafasi kati yake haikupimwa kwa kazi hii. Usijaribu.

Nichukue ya mkono au ya umeme?

Ya mkono. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kadi, ya mkono inaendelea na kazi, na unahisi kwa mkono wako kama mpangilio umezidi unene. Ya umeme haikuambii kitu mpaka ikwame. Ina faida yake kwa mwenye maumivu ya bega au mwenye oda kubwa kila wiki.

Kabla ya kulipa angalia upana wa mdomo wa mashine. Ya mkono ya kawaida kama Big Shot ina mdomo wa kama sentimita 15. Karatasi ya A5 ina upana wa sentimita 14.8, kwa hiyo inapita, na ukiikunja unapata kadi ya A6 ambayo wateja wengi hapa wanaipenda. A4 yenye upana wa sentimita 21 haipiti hapo. Inahitaji mashine kubwa zaidi. Matangazo mengi ya mtandaoni yanatoa vipimo kwa inchi, nawe zidisha kwa 2.54 upate sentimita.

Cricut na mashine nyingine za kompyuta zinatumia vikatio hivi?

Hapana. Zile zina kisu kidogo kinachofuata mchoro ulio kwenye kompyuta au simu. Ni kazi nyingine kabisa.

Vikatio vyangu vipya vimekuja vimeshikana. Vimeharibika?

Havijaharibika. Seti za umbo moja kwa saizi tofauti mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeunganishwa kwa vijiti vidogo vya chuma. Vikate kwa koleo ya kukatia waya, kisha sugua vibaki kwa msasa laini ili visichane karatasi wala kidole. Usivikunje kwa mkono mpaka vivunjike, maana ukingo wa pembeni unapinda pamoja navyo.

## Mashine na mpangilio wa mabamba

Mpangilio sahihi ni upi?

Kutoka chini kwenda juu: bamba la msingi la mashine, bamba la plastiki la kukatia, kikatio makali yakitazama juu, karatasi, kisha bamba la pili la plastiki. Wengine hulaza karatasi kwanza na kugeuza kikatio makali yatazame chini. Yote mawili ni sawa, mradi makali yanagusa karatasi na mgongo wa kikatio umelala kwenye plastiki.

Sasa unene. Kila kampuni inapima mabamba yake kwa mashine yake, kwa hiyo bamba la mashine ya jirani si lazima likufae hata kama linaingia. Mabamba mengi ya kukatia yana unene wa kama milimita 3, lakini tofauti ndogo tu inatosha kuharibu kazi. Jaribu hivi: pitisha kikatio rahisi, tuseme duara, pamoja na karatasi moja ngumu. Mkono wa kuzungushia unatakiwa ukaze kidogo unapofika kwenye kikatio, lakini mkono mmoja uutoshe. Kisha angalia plastiki. Mstari mwembamba unaofuata umbo ni dalili nzuri. Ukiona mfereji ambao ukucha unazama, umebana mno. Usipoona alama yoyote, umelegeza.

Kama kumelegea, ongeza karatasi ya bondi moja chini ya bamba la chini la kukatia, ujaribu tena, kisha ya pili kama bado. Moja moja. Usirukie kipande cha boksi. Kwa maoni yetu hapa ndipo vikatio vingi vinapouliwa: mtu anaona karatasi haijakatika upande mmoja, anajaza boksi, anazungusha kwa mikono miwili, na kikatio kinatoka kama kigae cha bati lililokanyagwa.

Nitajuaje upande upi wa karatasi uangalie makali?

Upande mzuri, ule wa rangi au wa kung'aa, uangalie makali. Hapo ukingo wa umbo unakuwa laini kwa mbele na zile alama za mshono zinaonekana. Kwenye herufi na maneno kama "Karibu" jambo hili ni la lazima: ukigeuza karatasi, neno litatoka kinyume. Ukilitazama neno kwenye kikatio upande wa makali litakuwa kinyume, na ukilitazama kwa mgongo litakuwa sawa. Ndivyo linavyopaswa kuwa.

Mashine inatoa milio ya kupasuka. Inavunjika?

Ni plastiki inayokubali makali. Milio hiyo ni ya kawaida. Wa kuogopa ni mlio mmoja mkubwa unaofuatwa na mkono kulegea ghafla. Hapo simamisha kazi ukague bamba na meno ya mashine.

Mkono umekwama katikati. Nifanye nini?

Rudisha nyuma. Usimalizie kwa nguvu, hata kama imebaki kidogo tu. Toa kila kitu, uangalie kama kuna vikatio viwili vilivyopandana, sumaku iliyosahaulika, au bamba lililozidi. Vikatio viwili visilaliane kamwe: chuma kinakata chuma, na vyote viwili vinaharibika kwa mpito mmoja.

Mashine ikae kwenye meza imara, na ukimaliza kazi usiache mabamba yamebanwa ndani ya rola hadi kesho.

Mabamba yangu yamejaa michirizi na yamepinda. Niyatupe?

Bado. Michirizi haizuii kukata. Kupinda kunatokana na kukata upande uleule kila mara, kwa hiyo geuza bamba kila baada ya mpito mmoja au miwili: la juu likae chini, la chini likae juu, na lililovimba litazame ndani. Kikatio nacho ukihamishe, leo kushoto, mara nyingine kulia. Usiyaache kwenye gari lililoegeshwa juani wala kwenye dirisha la bati.

Weka bamba moja safi kando kwa ajili ya karatasi nyembamba na kazi ya kutoa nakshi ya kuinuka, kwa sababu michirizi ya zamani huchapika kwenye karatasi laini. Bamba hushindwa hasa pale linapopata ufa unaotokea upande wa pili. Hesabu mabamba kama matairi ya bodaboda: yanalika kwa kazi, na bei yake iwemo kwenye bei ya kadi (tazama swali la bei hapo chini).

## Karatasi na vitu vingine

Karatasi gani inakata vizuri?

Kadi ngumu ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba ndiyo makao yake. Karatasi ya bondi ya gramu 80, ile ya kuchapia barua, inakatika pia, lakini maua yanayotoka yanalegea. Manila za dukani zinatofautiana sana, hata za rangi mbili kutoka rafu moja. Nunua moja, kata nayo, ndipo urudi kuchukua nyingine.

Ukikunja kadi ngumu kati ya vidole utaona upande mmoja inakunjika kirahisi kuliko mwingine; nyuzi zake zimelala upande huo. Umbo lenye vijiti virefu vyembamba, kama nyasi au mtumbwi wenye mlingoti, likate vijiti vikifuata nyuzi. Havitavunjika unapovitoa.

Naweza kukata kitenge?

Ndiyo, lakini si kitenge kitupu. Kikiwa laini kinasukumwa kwenye makali badala ya kukatika, na nyuzi zinabaki zikining'inia. Kipige pasi pamoja na gamu ya kitambaa ambayo mafundi cherehani hutumia kwenye kola, au kibandike kwenye karatasi ya bondi kwa gundi nyembamba, kikauke kabisa. Kisha tumia umbo lisilo na nakshi nyingi: moyo, duara, jani pana. Ua la kitenge juu ya kadi ya kahawia linapendeza kuliko maua mengi ya plastiki yanayouzwa, na ni letu.

Karatasi ya kumetameta inaharibu kikatio?

Inachosha makali haraka kuliko karatasi ya kawaida, na vumbi lake linaziba vitundu. Ikate, lakini safisha baada ya kila kazi kwa mswaki mkavu, na usitumie kikatio chako cha nakshi nyembamba kwa karatasi hiyo.

Na kopo la soda, kandambili, ngozi?

Vikatio vyembamba vimetengenezwa kwa karatasi. Kopo la soda liache, isipokuwa maelekezo ya kikatio chako yanaruhusu wazi metali nyembamba. Kandambili na ngozi ni kazi ya vikatio vinene.

Kandambili chakavu ina matumizi mengine mazuri. Ioshe, ikate kipande bapa, na uitumie kama mto: laza kikatio juu yake makali yakitazama chini, halafu sukuma vibaki kwa sindano kupitia vitundu vya nyuma. Inashika umbo bila kulipinda.

## Kikatio kinasumbua

Kinakata upande mmoja tu.

Geuza kikatio kwa kukizungusha nusu, kisha kata tena. Kama sehemu isiyokatika imehama pamoja na kikatio, shida iko kwenye kikatio, huenda kimepinda au makali yameliwa hapo. Kama imebaki palepale kwenye bamba, shida ni bamba: lina shimo au limepinda. Jaribio hili dogo linaokoa pesa nyingi.

Kwa umbo lenye nakshi nyingi, pitisha mbele na kurudi bila kutoa mpangilio, na ukilaze kikatio kwa mshazari. Kikiwa kimenyooka, mistari yake mirefu inaingia kwenye rola yote kwa mpigo na nguvu inagawanyika. Kikiwa mshazari, inaingia kidogo kidogo.

Karatasi inang'ang'ania ndani ya makali na kuchanika nikiitoa.

Kata kipande cha karatasi ya kuokea keki, ile isiyoshika unga, uweke kati ya kikatio na kadi. Umbo litatoka lenyewe. Kikatio kipya kinahitaji hivi mara nyingi, baadaye kinalainika. Usichokonoe kwa kisu. Sukuma kutoka nyuma kwa sindano, anza pembeni uelekee katikati, au viringisha mswaki mgumu juu ya mto wa kandambili uliotajwa hapo juu.

Kikatio kinahama kabla ya kukata.

Kishike kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Ipunguze nguvu kwanza kwa kuibandika na kuibandua kwenye nguo. Selotepu inachuna uso wa kadi.

Wakati wa mvua karatasi inatoka na kingo zenye manyoya. Makali yameisha?

Hapana, ni karatasi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili karatasi inanywa unyevu wa hewa, nyuzi zake zinalainika na kunyumbulika, na badala ya kukatika zinavutika. Duka linaloacha mlango wazi kutwa nzima linauza karatasi iliyokwisha kulegea. Ifunge rimu yako kwenye boksi lenye mfuniko, na kabla ya kazi ipige pasi ya joto dogo bila mvuke, kadi tatu nne kwa pamoja. Iache ipoe ikiwa bapa, chini ya kitabu kizito. Kata mara moja. Tofauti utaiona kwenye umbo la kwanza.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hutupa vikatio vizima mwezi wa pili au wa tatu, vikatio ambavyo Juni vingekata vizuri kabisa.

Naweza kukinoa?

Kwa tupa, hapana. Makali yote lazima yawe na kimo kimoja. Ukipunguza sehemu moja, hiyo haitakata tena. Wengi hukunja foili ya aluminiamu mara kadhaa na kuikata mara chache. Inasafisha uchafu uliojibana kwenye makali, na hilo peke yake linaweza kurudisha ukataji, lakini haichongi makali mapya.

Kimepinda kidogo.

Kiweke juu ya meza ngumu, ukinyooshe kwa vidole polepole kutoka katikati kwenda nje. Mpindo mdogo unaolala ukibanwa na bamba hauna madhara. Kikiwa na mkunjo mkali, yaani mstari unaouona kwenye mgongo, makali ya hapo yameshaachana na hayatarudi.

## Kutu, unyevu na kuhifadhi

Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi. Mbona vikatio vinapata kutu?

Kutu haihitaji chumvi. Inahitaji chuma, maji na hewa, na vikatio vingi ni chuma cha kaboni kisichopakwa kinga yoyote. Kwa wanaokaa karibu na maji, Katonga au Kibirizi, unyevu wa alfajiri unatosha kabisa. Chumvi nayo ipo: inatoka kwenye jasho la vidole vyako. Ndiyo maana kutu mara nyingi huanza kama alama ya kidole gumba kwenye mgongo wa kikatio. Futa kila kikatio kwa kitambaa kikavu kabla ya kukirudisha. Ni kazi ya sekunde chache, na hakuna kinga nyingine inayoizidi.

Nipake mawese yasishike kutu? Ndiyo mafuta tuliyonayo nyumbani.

Usipake. Mawese ni mazito, yanaganda ndani ya vitundu, yanachacha, na asidi yake haina urafiki na chuma. Wekundu wake utahamia kwenye kadi nyeupe ya bibi harusi na hautatoka. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, upake filamu nyembamba sana. Siku ya kukitumia, kata karatasi chakavu mpaka zitoke bila doa, ndipo uweke kadi ya mteja.

Kutu imeshaingia. Kinaokoleka?

Kikiwa na madoa ya juujuu, ndiyo. Sugua mgongo kwa msasa laini kabisa au pamba ya chuma. Upande wa makali tumia kifutio kigumu cha kalamu ya wino, ukifuata mstari, bila kukandamiza. Futa, paka mafuta kama ilivyoelezwa kwenye swali la mawese, kisha kata karatasi chakavu.

Watu huuliza kuhusu ndimu na siki. Zinaondoa kutu kweli, kwa sababu ni asidi. Lakini tindikali ndiyo iliyochonga kikatio kiwandani, na asidi ya jikoni ukiiachia muda itaendelea kula palepale penye makali membamba. Hatushauri kukiloweka. Kutu ikishatoboa vishimo kwenye makali, kikatio hicho kimemaliza kazi.

Nikioshe kwa maji?

Kwa kawaida hakuna haja. Gundi iliyokauka ifute kwa pamba yenye spiriti kidogo, ukaushe papo hapo. Ukilazimika kutumia maji, kikaushe kwa kitambaa na kukiacha mahali penye joto kabla ya kukifungia.

Nivihifadhi wapi?

Vizuri zaidi ni kwenye karatasi za sumaku zilizopangwa ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana, kama la biskuti. Mgongo wa kikatio ulale kwenye sumaku, makali yasiguse kingine. Weka ndani vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele unaotajwa sana hauna nguvu hiyo, na unga wake unaingia kwenye vitundu.

Asiye na sumaku anaweza kutumia bahasha ngumu za plastiki za kuhifadhia vyeti, kimoja kimoja, pamoja na umbo la karatasi lililokatwa ili ajue kilichomo. Usitegemee mifuko ya kubebea ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata iliyobaki kabatini inashika unyevu ndani.

## Kazi ya oda

Nimepata oda ya kadi 200 za mchango wa harusi. Nianzie wapi?

Tengeneza kadi moja kamili, mteja aione na kuishika, akubali. Kisha chagua umbo moja tu la kukata kwa kila kadi. Kadi ya mchango inagawiwa kwa wengi na mapema. Nakshi nzito ibaki kwa kadi ya mwaliko au ya send-off. Kata maumbo yote kwanza, siku moja au mbili kabla ya kubandika, na ukate ziada ya kutosha kwa yatakayochanika. Usibebeshe kadi ngumu mbili juu ya kikatio kimoja ili kuharakisha. Ya juu itakatika nusu, na mabamba yataumia. Karatasi nyembamba mbili zinaweza kukubali, jaribu kwanza.

Pumzisha mkono. Kadi za mwisho wa usiku ndizo zinazotoka zimepinda.

Nitoze kiasi gani?

Hatupangi bei ya mtu. Lakini hesabu karatasi pamoja na mabaki yake, gundi, bahasha, sehemu ya bei ya mabamba, na saa zako. Wengi wanasahau hizo saa, halafu wanashangaa kazi inawachosha na hela haionekani.

Ninaruhusiwa kuuza kadi nilizokata kwa kikatio cha kampuni?

Kampuni nyingi zinaruhusu kadi za mikono, baadhi zikiwa na masharti. Soma karatasi iliyokuja na kikatio au tovuti yao. Tahadhari ni kwa wahusika wa katuni na nembo za timu. Hizo zina wenyewe, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Kuwa na kikatio chenye sura hiyo hakukupi ruhusa ya kuiuza.

Dada tunayefanya naye kazi anataka kuazima. Nimpe?

Mpe, ila muulize kwanza anatumia mashine gani na mabamba ya unene gani, na mfanye jaribio la duara pamoja (tazama mpangilio sahihi). Kikatio kilichozoea mashine yako kinaweza kubanwa kupita kiasi kwenye ya mwenzako bila yeye kujua.

## Maswali ya pembeni

Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea umbo langu, tuseme la samaki mgebuka?

Chembamba, hapana, kimo cha makali lazima kilingane kila mahali, na mkono wa kuchomelea haufiki huko. Unaweza kuagiza kwa mchoro kutoka kwa viwanda vinavyochonga vikatio, ila gharama yake ina maana tu kama utalitumia umbo hilo miaka mingi. Njia ya karibu zaidi: unganisha maumbo uliyonayo. Yai refu na mkia uliotokana na moyo mdogo hutoa samaki mzuri.

Nataka sehemu ya umbo ibaki imeshikana na kadi, isimame kama dirisha.

Rolani panakata pale tu penye mabamba yote mawili. Kwa hiyo sogeza bamba la juu ili sehemu unayotaka ibaki mzima iwe nje ya ukingo wake, kisha pitisha. Makali yaliyo nje ya bamba hayatabanwa. Weka alama ya penseli mahali pa ukingo ili kadi zote zilingane, na ujaribu kwenye karatasi chakavu.

Watoto wanaweza kusaidia?

Kuzungusha mkono, ndiyo, ukiwa umesimama karibu na vidole vyao viko mbali na mdomo wa mashine. Kutoa vibaki kwa sindano, subiri wakue kidogo.

Kikatio kikifa kabisa kina faida gani?

Kikiwa bado kimenyooka, ni kielelezo cha kuchorea: kilaze, zungusha penseli, kata kwa mkasi. Kinafaa kwa maboksi mazito ambayo mashine haikubali. Kikivunjika, kipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini kifunge kwanza kwa tabaka mbili za boksi na tepu, maana makali yasiyoweza tena kukata karatasi bado yanaweza kukata kiganja cha anayekipokea.